Matone ya Oili ya Jumamosi

Lile kopo lilikuwa la biskuti kabla halijawa la miezi. Aliyeligeuza ni mume wangu, Atlee. Kila Jumamosi, ng'ombe wakishakamuliwa na injini ikishazimwa, alichomoa kile kijiti cha kupimia oili akadondosha tone moja juu ya kipande cha karatasi ya kukaushia wino. Kipande hicho alikileta jikoni kwangu, akakilaza dirishani, akanawa mikono, akala mayai yake. Ikifika jioni tone limeshajitandaza, limekuwa duara ndani ya duara: katikati jeusi kama mboni ya jicho, likifuatwa na la kahawia, na ukingoni kabisa utepe mwembamba wa njano, kama mwezi unapozungukwa na ukungu. Aliandika tarehe nyuma kwa penseli akakitia koponi.

Alifanya hivyo miaka arobaini na mmoja.

Zamani, watoto wakilala mchana, nilikuwa nalifungua kopo na kuvipanga vile vipande mezani. Atlee alivisoma kama wengine wanavyosoma gazeti. Alijua oili imechoka lini, dizeli inavuja wapi, beringi gani inaanza kulalamika. Mimi sikuona hayo. Niliona miezi tu, mizima na iliyomegeka, na mara nyingine nilisinzia nikiitazama, mikono ikiwa bado na unga.

Injini yenyewe ni ya dizeli, ya silinda mbili, nzito kama kanisa la watu wengine. Sisi Waamishi wa huku LaGrange, Wakristo tunaoshika maisha ya zamani, hatuvuti umeme wa nguzo, kwa hiyo hiyo injini ndiyo inayokamua, ndiyo inayopoza maziwa, ndiyo inayopandisha maji. Inazungusha shafti ndefu iliyopita chini ya zizi, na mwisho wa shafti liko giaboksi la zamani ambalo oili yake ni nene kiasi kwamba asubuhi za baridi Atlee alilichukulia tofali la moto kutoka kwenye jiko langu na kuliweka chini yake, kama mtu anayempashia mgonjwa miguu. Hilo ndilo tofali langu la kupashia kitanda joto usiku. Nilinung'unika siku za kwanza, kisha nikazoea.

Majira matatu ya baridi yaliyopita Atlee alipigwa na kiharusi. Maneno yakaenda, na mkono wa kulia ukaenda nayo. Alibaki na mkono wa kushoto na masikio. Tulikuwa tumeshahamia kwenye nyumba ndogo ya wazee, ubavuni mwa nyumba kubwa tuliyomwachia mwanetu Ervin na mkewe Orpha, na dirisha letu linatazama banda la injini. Nilimwekea kiti chake hapo. Injini ikiwashwa asubuhi, vidole vyake vitano vinaanza kugonga mkono wa kiti, pigo kwa pigo, taratibu, na uso unalegea, na baada ya muda analala usingizi wa mtoto. Injini ikizimwa anafumbua macho na kunitazama kana kwamba nimemshusha njiani mahali asipopajua.

Kwa hiyo Ervin aliposema mezani maneno aliyoyasema, mimi ndiye niliyeacha kutafuna. Alisema injini ile vipuri vyake havipatikani tena, na kwamba ikifa, hatatafuta nyingine. Atauza ng'ombe, aende kiwandani kuunda matrela kama wenzake. Hakusema kwa ubaya. Alikuwa amechoka. Orpha akamwongezea supu. Mimi nilitazama kule dirishani, kwenye kile kiti, nikajua vidole vile navyo vingeacha kugonga.

Sasa nitawaambia nilivyokaribia kuiua mwenyewe.

Zamu ya ibada iliangukia kwetu Oktoba ile. Sisi hatuna jengo la kanisa. Ibada inazunguka nyumba kwa nyumba, na kila nyumba ikifikiwa na zamu inaoshwa kuanzia dari hadi chini ya ngazi. Wiki tatu tuliosha. Tuliosha kuta, tukaosha madirisha, tukatoa mitungi yote ya matunda kutoka stoo na kuifuta mmoja mmoja. Tulichoka hata tukawa tunacheka bila sababu. Orpha aliniuliza kama kuku nao nawaogesha kabla ya Jumapili au nawaacha waende na hali zao.

"Kuku wana aibu yao," nikamwambia. "Lakini lile banda la injini ndilo linalonitia aibu mimi."

Maana wanaume wakifika kwenye ibada husimama kwanza pale bandani, wanapeana mikono, wanazungumza habari za mahindi, na kila mmoja anaitupia jicho injini. Na injini ilikuwa nyeusi. Nje niliweza kuifuta, na niliifuta mara nyingi. Ila ndani Atlee hakunipa ruhusa hata siku moja. Alikuwa akisema, "Saloma, nje pangusa upendavyo. Ndani niachie mimi. Uchafu wake umelala, usiuamshe." Miaka yote nilichukulia kwamba ni uvivu wa kiume uliotafutiwa jina zuri. Na sasa hakuwa na mdomo wa kunikataza. Nasema hivi wazi, kwa sababu ndivyo nilivyofikiri.

Dukani nilimweleza muuzaji kwamba nataka oili ya injini ya zamani, na akanipa makopo mawili akasema hii ni bora kuliko ile tuliyoizoea, hii inaosha injini huku inatembea. Kwa mwanamke aliyekuwa na ndoo mkononi wiki tatu, maneno hayo yalikuwa matamu kuliko asali. Inaosha huku inatembea. Njiani, juu ya gari la farasi, nilikuwa nayarudia kimoyomoyo.

Jumatano Ervin alikwenda mnada wa farasi. Mimi na Orpha tukaingia bandani na beseni. Tulifungua ile bolti ya chini, oili ya zamani ikatoka polepole, nyeusi, bila haraka, kama mzee anayeondolewa kwenye kiti chake. Tukamimina mpya. Ilikuwa ya rangi ya dhahabu, nyepesi, ikishuka na mwanga wa dirisha ndani yake. Tulitaka kubadilisha na ya giaboksi, ila kizibo chake kilikataa kuzunguka, Orpha akakipiga spana mara mbili akaacha. Namshukuru Mungu kwa kizibo kile.

Tukiwa katika kazi hiyo nilisikia kitu kinagonga. Niliinua kichwa. Ng'ambo ya uwanja, nyuma ya kioo, Atlee alikuwa anagonga dirisha kwa kifundo cha kidole cha mkono wake mzima. Alikuwa anatutazama. Nikampungia mkono. Nilijiambia ananisalimia, na Orpha naye akampungia, na tukaendelea kumimina.

Alhamisi injini iliwaka vizuri. Ijumaa iliwaka vizuri zaidi, Orpha akasema inaimba. Atlee hakulala siku hizo mbili. Nilidhani ni baridi, nikamwongezea blanketi.

Jumamosi, baada ya chakula cha mchana, gari la mabenchi ya ibada lilifika kutoka nyumba iliyokuwa na zamu kabla yetu. Ervin na majirani wawili watatu wakaanza kuyapanga kwenye karakana, ambamo tungeabudu, mhubiri wetu Perry Lambright akiwa mmoja wao, na injini ilikuwa inaunguruma kupoza maziwa ya asubuhi. Mimi nilikuwa mezani nyumbani kwangu, nakunja vile vipai vya tufaha vinavyoliwa baada ya ibada, duara la unga, kijiko cha tufaha, kunja, bana ukingo. Nusu mwezi baada ya nusu mwezi. Jua la alasiri lilikuwa limenikalia mabegani. Sijui nilifikia cha ngapi.

Nikaona nyumba ndefu yenye vyumba vingi vidogo, na mama mmoja mnene mwenye viatu laini anapita na taa. Tangu zamani nilikuwa namwota mama huyo. Ndivyo nilivyoipa sura oili tangu nilipoolewa, mtu anayepita chumba hadi chumba humo ndani, anaingia, anampapasa kila aliyemo, anatoka, na wenye vyumba hawagombani kwa sababu anakuja. Siku ile alikuwa amekonda. Alivaa gauni jipya la dhahabu, anafagia kwa haraka, na vumbi alilolifagia lilikuwa linamfuata nyuma na kujilundika mlangoni. Alipogeuka kutoka hakuweza. Taa yake niliiona chini ya mlango, inakuwa ndogo. Na katika vyumba vya mbele watu wakaanza kugusana wakiwa wakavu.

Nilizinduka. Injini ilikuwa inaunguruma vilevile. Ila vidole vya Atlee havikuwa vinagonga. Mkono ulikuwa juu, umesimama hewani, kama mtu aliyekatishwa maneno.

Nikatoka na aproni yangu ya unga. Nilimkuta Ervin mlangoni mwa karakana amebeba benchi begani, nikamwambia injini haiko sawa. Akasikiliza. Majirani wakasikiliza. Akasema hasikii kitu.

"Mama, ulikuwa umelala. Shavu lako lina alama ya mkono."

"Nilikuwa nimelala, ndiyo. Njoo uitazame geji."

Geji ya presha ya oili ina mkwaruzo ambao Atlee aliuchora kwa msumari miaka mingi iliyopita; mshale ulikuwa haubanduki pale. Sasa ulikuwa chini yake kwa upana wa vidole viwili, na unatetemeka. Ervin akasema huenda oili imepata moto. Akaniuliza nani alibadilisha, maana aliona kopo tupu geni pembeni. Nikamjibu ni mimi. Akasema mpya huwa nyepesi, tusubiri maziwa yapoe kwanza ndipo tuizime.

"Izime, mwanangu," nikasema.

Mimi si mtu wa kuamuru. Nadhani ndiyo sababu aliizima.

Kimya kikaingia bandani. Nilichomoa kijiti na kudondosha tone kwenye kipande cha karatasi, kama nilivyoona likifanywa mara elfu mbili na zaidi, na sikuhitaji kungoja jioni. Oili ilikuwa na siku tatu tu. Tone lilikimbia kwenye karatasi, jeusi lote, toka katikati hadi mwisho, bila pete, bila ukingo wa njano. Hapakuwa na mwezi. Palikuwa na shimo.

Nilivuka uwanja nacho, kimelala kwenye kiganja. Nikapiga magoti mbele ya kiti cha Atlee, jambo ambalo kwa magoti yangu si dogo, nikakiweka juu ya paja lake.

"Ni mimi," nikamwambia. "Niliibadilisha oili ukiwa unanitazama. Uligonga kioo, nikajifanya unanisalimia. Nilijua hunisalimii."

Alikitazama kipande. Kisha alinitazama mimi, muda mrefu, kwa yale macho yake ya kijivu, na sikuweza kusoma kilichokuwemo. Miaka hamsini na mbili ya ndoa na sikuweza. Kisha mkono wa kushoto ukaondoka. Ulipita juu ya vipai vyangu pale mezani kando yake, ukachukua kile kichungio kidogo nilichokuwa nachekechea unga, ukakigandamiza juu ya donge la unga mbichi hadi matundu yote yakazibika. Akakiinua usoni pangu, mbele ya dirisha, nione kama mwanga unapita.

Haukupita.

Nilirudi nacho mbio, kama ninavyokimbia mimi. Nilimpa Ervin kichungio chenye unga mbele za watu wote, nikasema, "Baba yako anasema hivi." Akakigeuza mkononi. Niliona rangi ikimtoka usoni. Akasema polepole kwamba ndani ya injini, chini kabisa, kwenye mdomo wa pampu ya oili, kuna chujio la waya. Ile oili ya zamani ilikuwa inauacha uchafu utulie chini na kwenye kona. Hii mpya ilikuwa imeuamsha wote kwa mpigo mmoja.

Benchi liliwekwa chini. Perry Lambright, ambaye kesho yake alikuwa ndiye wa kuhubiri, akavua koti, akalitundika kwenye msumari na kukunja mikono ya shati. Wengine nao wakafanya hivyo. Waliufungua ule mlango wa ubavuni wa injini, bolti kwa bolti, na Ervin akaingiza mkono hadi kwapani.

Tope lililotoka mle sikuwahi kuliona. Lilikuwa jeusi, zito, limekatika vipande kama udongo wa mto uliokauka. Walilizoa kwa mikono, kisha wakaomba mwiko, nikawapa mwiko wangu wa mkate, sikuuliza. Chujio lenyewe lilipotoka halikuonekana kuwa la waya. Lilionekana kama kipande cha ngozi. Orpha alileta mafuta ya taa na brashi ya kuoshea chupa, tukaketi wawili kizingitini tukilisugua hadi tundu moja likafunguka na jua likapenya, kisha jingine, kisha mengi.

Perry alikuwa na tope hadi kwenye ndevu. Alinitazama akasema, "Saloma, wewe umeosha hadi dhambi za babu zetu zikatoka."

"Bado za kwako," nikamwambia. "Kesho usituchoshe."

Wakacheka, na mimi nikacheka, ila macho yangu yalikuwa kwa Ervin; alikuwa bado mle ndani, anapapasa beringi moja kwa ukucha, na hakuwa anacheka. Hatimaye akatoa mkono. Akasema imekwaruzika, lakini si sana. Akasema ingekwenda saa moja zaidi, krenki, uti wa mgongo wa injini, ingekuwa imekwisha. Alisema hayo bila kunitazama, na sikumlaumu.

Ikabaki oili. Kulikuwa na kopo la pili la ile ya dhahabu, halijafunguliwa, na chini ya ngazi kulikuwa na makopo ya zamani, yale ya kawaida yasiyoosha kitu, ambayo Atlee aliyaweka huko kabla hajaugua. Majirani walikuwa na mawazo tofauti. Mmoja alisema sasa ndani pamekuwa safi, ya dhahabu haina madhara. Mwingine alisema haiwezekani kuwa pamekuwa safi, mikono haifiki kila kona. Ervin aliwasikiliza wote. Kisha akachukua makopo mawili, moja kila mkono, akavuka uwanja akasimama nje ya dirisha la baba yake.

Aliinua la dhahabu. Atlee hakutikisika. Aliinua la zamani.

Kifundo cha kidole kikagonga kioo, mara moja.

Safari hii kila mtu alisikia.

Maziwa hayakuwa yamepata joto sana tulipomaliza; Orpha alikuwa amezungushia tangi vipande vya barafu kutoka nyumba ya Perry. Ervin akamimina oili, akaizungusha injini kwa mkono bila kuiwasha, mara nyingi, ili ile oili iingie vyumbani kabla ya moto. Kisha akaiwasha. Sote tulikuwa tunatazama mshale mmoja mdogo. Ulilala pale chini, ukalala, nikajiona tayari nauza ng'ombe mmoja mmoja kichwani, nikimuaga kila mmoja kwa jina lake. Kisha ukanyanyuka, kama mtu anayeamka bila kuharakishwa, ukaenda ukagusa mkwaruzo wa msumari, ukatulia.

Mlio wake ulikuwa umebadilika kidogo. Kulikuwa na tiki, ndogo sana, kila baada ya mapigo mawili. Ervin aliisikia pia. Akasema hiyo itakaa nayo hadi mwisho wake, ni kama mguu uliowahi kuvunjika.

Ibada ilifanyika. Karakana ilijaa, madirisha yanang'aa, mitungi inang'aa. Ule wimbo wetu wa kwanza, ambao huimbwa polepole kama oili ya giaboksi mwezi wa Januari, uliimbwa hadi mwisho, na kila mwanaume wa benchi la mbele alikuwa na kucha nyeusi. Perry alihubiri akiwa ameficha mikono nyuma. Alipoisahau na kuinyoosha mbele, wanawake wote waliiona, na mimi nikaangalia sakafu.

Jioni, wageni wakishaondoka, nilikiona kile kipande cha shimo bado kiko kando ya kiti cha Atlee. Nilikichukua nikafungua mlango wa jiko nikitie motoni. Akatoa sauti. Si neno, sauti tu. Nikageuka. Mkono wake ulikuwa umenyooshwa.

Nikampa. Akataka na penseli. Alikipindua kwenye paja, na kwa mkono ambao haukuwahi kuandika maishani mwake akaandika tarehe, herufi kubwa zilizoinama kama uzio wa zamani. Kisha akaashiria kopo. Nililileta, nikaondoa kifuniko, akakiingiza mwenyewe mahali pake, nyuma kabisa, baada ya kile cha mwisho alichokiweka kabla ya kuugua. Kati yao kulikuwa na majira matatu ya baridi bila hata tone moja. Sikuwa nimefikiria hilo. Sikuwahi kufikiria kwamba matone hayo ningeweza kuyadondosha mimi.

Uani Ervin alikuwa anakwenda kukamua. Injini ikakohoa, ikashika. Nilivuta stuli yangu nikaketi karibu na kiti chake, mikono bado inanuka mafuta ya taa, na uzito wa wiki tatu ukaanza kunishuka toka mabegani hadi miguuni. Yule mama mnene alikuwa anapita tena na taa yake, chumba hadi chumba, hana haraka. Macho ya Atlee yalikuwa yanafumba. Vidole vyake vilianza kugonga mkono wa kiti, pigo, pigo, na baada ya kila mapigo mawili kidole kidogo, kile cha mwisho, kiligusa mara moja kwa ncha, kikijifunza ile tiki.